Gari Dogo la Juu kwa Fedha Kidogo: Cha Kukagua Kabla Hujalipa

Mkazi wa Goba, Madale, Chanika au Kinyerezi ya ndani, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanatafuta gari la juu. Lami inaishia barabara kubwa. Kutoka pale hadi getini ni mashimo, mchanga na mawe, na masika yakiingia ni tope. Gari la chini linafika, ila linafika likiburuza tumbo, na kila baada ya miezi michache unanunua bushi na boljointi. Ndiyo maana RAV4, Escudo, X-Trail, CR-V na Rush zina soko mwaka mzima, na bei zake hazishuki upesi hata zikizeeka. Muuzaji anaijua shida yako.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu mwenye fedha za mara moja: mkopo wa SACCOS, kiinua mgongo, mgawo wa VICOBA, au akiba ya miaka. Tuseme ni shilingi milioni 15, na zikipotea hazirudi. Mtu huyo hana nafasi ya kununua gari, likimshinda auze, atafute jingine. Rai yangu kwake ni moja: nunua gari lisilo na mambo mengi. Injini ya petroli isiyo na tabo, gia boksi ambayo fundi wa mtaani kwako ameshaifungua mara nyingi, spea zinazopatikana bila kuagiza, na karatasi zilizonyooka. Rangi inayong'aa, skrini kubwa, viti vya ngozi na herufi ya namba vikae nyuma ya hayo.

Naitaja herufi ya namba kwa sababu inawagharimu watu wengi. Gari la namba E linatajiwa bei ya juu, la namba C linabezwa. Lakini herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 lililoshuka bandarini juzi litapewa namba mpya, na la mwaka 2007 lililoingia zamani litabaki na namba yake ya zamani. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, kisha litazame gari lenyewe. Namba C iliyokaa na mmiliki mmoja, mwenye risiti za sevisi na anayeweza kukuambia lini alibadilisha nini, mara nyingi ni gari bora kuliko namba E ya dalali asiyejua limetoka wapi. Na kwa kuwa wengi wanalikimbia, bei yake inazungumzika. Hapo ndipo mwenye fedha kidogo anapopata nafuu.

Usimalizie fedha zote kwenye gari

Ukiwa na milioni 15, tafuta gari la milioni 12, au 12 na nusu ukizidiwa. Kinachobaki si cha kutengea sherehe. Kuna ada za kuhamisha umiliki, kuna bima, na kuna kazi ya mwezi wa kwanza ambayo karibu kila gari la mtumba linaidai: oili zote, filta, plagi, pedi za breki, pengine betri, pengine tairi nne. Mtu aliyelipa hadi senti ya mwisho anaanza kuliendesha gari likiwa na oili ya aliyemtangulia na tairi zilizokauka, na baada ya miezi sita analilaumu gari. Kosa halikuwa la gari.

Swali linalofuata ni kama uagize Japani au ununue lililokwishaingia nchini. Kuagiza kuna uzuri wake: gari halijaonja barabara zetu, na ukichagua kwa makini linakuja na karatasi ya mnada inayoeleza hali yake. Lakini piga hesabu ya kodi kwanza, kwa sababu ndipo bajeti ndogo inapovunjika. TRA haitozi kwa bei uliyolipa wewe. Inatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake wa kukadiria magari yaliyotumika, na mfumo huo uko wazi kwenye tovuti yao. Ingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini uone. Tuchukue gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10, injini ya cc 1,800, ambalo mfumo umelikadiria thamani ya milioni 6 pamoja na usafiri na bima hadi Dar es Salaam. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 1.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, na unakokotolewa juu ya milioni 7.5 sasa: 375,000. Ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30: milioni 2.25. Juu ya vyote hivyo weka VAT ya asilimia 18, ambayo ni zaidi ya milioni 1.8. Jumla inakaribia milioni 6, sawasawa na thamani ya gari, kabla hujagusa tozo nyingine, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili.

Gari la miaka 8 hadi 10 linatozwa uchakavu wa asilimia 15 badala ya 30, lakini thamani yake iko juu zaidi. Injini ikipita cc 2,000, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo vihakiki wiki unayotaka kutuma fedha, si kwa kumbukumbu za jirani aliyeagiza mwaka juzi. Ndugu zetu wa Kenya wana kizuizi kingine kabisa: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini kwao, kwa hiyo mnunuzi wa fedha kidogo kule analazimika kutafuta lililokwishasajiliwa ndani.

Kwa bajeti ninayoizungumzia, mimi ningenunua lililoko nchini, kutoka kwa mmiliki mwenyewe. Yadi ina faida ya kukuonyesha magari mengi kwa mara moja, lakini faida hiyo unailipia.

Lipi kati ya haya

Toyota Rush ndiyo ninayoanza nayo, ingawa si kipenzi cha wengi. Ni gari lile lile lililouzwa kama Daihatsu Be-go, lilianza kutengenezwa mwaka 2006, na injini yake ni ya cc 1,495 tu. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, gia boksi ya otomatiki ya gia nne au ya kukanyaga klachi, na chini imekaa juu kwa sentimita 20 hivi. Ndani ni finyu, na ukiwa barabara kuu ya Morogoro na watu watano na mizigo, utaiona inahema kwenye vilima. Lakini mafuta haili sana na haina mambo mengi ya kuharibika. Namba ya chesisi ikianza na J200 inavuta nyuma tu, ikianza na J210 ni foo wili. Anayekuuzia J200 kwa bei ya J210 anakuibia.

RAV4 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2000 hadi 2005, ndiyo iliyojaa zaidi mitaani, na kwa wingi huo spea zake zipo kila mahali. Hapa kuna jambo madalali hawalisemi. Chesisi ikianza na ZCA, injini ni ya 1.8, nayo inavuta mbele tu. Ikianza na ACA ni ya 2.0, na zile zilizotoka Japani nyingi zina injini iliyoandikwa D-4 kwenye kifuniko chake, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. D-4 ikiwa nzima inakwenda vizuri. Ikianza kusumbua, pampu yake ya shinikizo kubwa na kaboni inayoganda kwenye njia za hewa ni kazi ya fundi anayeijua, na mafundi hao si wengi. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, ya 1.8 inatosha, mradi uchunguze kama inakula oili, kwa sababu za miaka ya mwanzo zina ugonjwa huo.

Kizazi cha tatu cha RAV4, na ndugu yake Vanguard aliyeanza 2007, wanatumia sana injini ya 2.4. Ni magari mazuri na yana nafasi. Ila injini hiyo, hasa ya mwaka 2006 hadi 2009, inajulikana kwa kunywa oili kutokana na ringi za pistoni. Ukimwona muuzaji ana galoni ya oili kwenye buti, muulize ni ya nini.

Suzuki Escudo iliyotoka mwaka 2005, ambayo nje ya Japani inaitwa Grand Vitara, ndiyo ngumu kuliko zote hizi kwenye njia mbaya. Chini ya bodi imejengewa fremu, inavuta magurudumu yote muda wote, na nyingi zina gia ya kupunguza mwendo kwa ajili ya tope na milima. Anayeishi Lushoto au Mbinga ataiona thamani yake. Mjini utailipia kwenye kituo cha mafuta. Injini yake ya 2.0 ina cheni. Asubuhi ikiwashwa ikiwa baridi, isikilize. Mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini unaodumu zaidi ya sekunde chache ni cheni inayodai kubadilishwa.

X-Trail inanunulika kwa bei ya chini kuliko RAV4 ya umri huo huo, na watu hudhani wamepata bahati. Igawe mara mbili kichwani mwako. Ya kwanza, ya 2000 hadi 2007, ile yenye mita katikati ya dashibodi, ina gia boksi ya kawaida ukichukua ya 2.0, na ugonjwa wake wa kawaida ni sensa za kamshafti na krenki zinazolizima gari njiani. Sensa hubadilishwa, gari likaendelea. Ya pili ilianza 2007, na za petroli zilizotoka Japani kwa otomatiki zina CVT. Gia boksi hiyo inataka oili yake maalumu, na fundi aliyeweka oili ya kawaida ameshaiua, hata kama itachukua miezi kufa. Huna namna ya kujua aliyetangulia aliweka nini. Kwa milioni 15 zisizorudi, mimi CVT ya mtu mwingine siigusi.

CR-V ya 2001 hadi 2006 ni gari la kuaminika ambalo halisifiwi inavyostahili. Kabla ya kuinunua, tafuta uwanja mtupu, kata stelingi hadi mwisho na uizungushe polepole. Ikiguna na kutetemeka nyuma, difu inadai oili yake, ambayo Honda wana ya kwao. Mara nyingi oili mpya inamaliza tatizo. Hakikisha tu bei imepunguzwa. Forester nayo ina wapenzi wengi, hasa Nairobi. Mkanda wake wa taimingi, kwa zile za hadi karibu mwaka 2010, unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kama hujui umebadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kuna na ugonjwa wa gaskiti ya silinda hedi. Kama mji wako hauna fundi wa Subaru, achana nayo.

Kabla hujachagua, fanya jambo moja dogo. Nenda kwenye maduka ya spea, Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, au Kisekka ukiwa Kampala. Ulizia bei ya rejeta, shokapu, taa ya mbele na gia boksi ya mtumba ya gari unalolitaka. Majibu ya wauza spea watatu yatakueleza zaidi kuliko sifa za dalali. Kitu wanachokuambia "hicho mpaka uagize" ndicho kitakacholilaza gari lako nyumbani mwezi mzima.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi, jua likiwa limetoka, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka kukificha: injini inayogoma kuwaka ikiwa baridi, mlio wa cheni, au moshi wa dakika ya kwanza. Subiri lipoe, au rudi kesho.

Likiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe yamejaa na yawe na rangi ya kulanti, kijani au pinki. Yakiwa ya kutu, gari limeishi kwa maji ya bomba. Ukiona mafuta mafuta yanaelea, funga boneti. Kisha fungua kifuniko cha oili ugeuze upande wa ndani: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na hapo hatuzungumzii tena bei, tunaondoka. Chomoa kijiti cha oili. Nyeusi si neno, inaonyesha tu imechelewa kubadilishwa. Iliyo chini ya alama ndiyo inayotia shaka. Kijiti cha gia boksi, kwa gari lenye nacho, kinuse. Oili yenye harufu ya kuungua ni gia boksi iliyochoka.

Tazama feni ya rejeta. Mafundi wetu wana mtindo wa kutoa thermostati na kuunga feni moja kwa moja ili gari lisichemshe. Likifanyiwa hivyo, feni inazunguka tangu unapowasha, na mshale wa joto unachelewa sana kupanda. Huo si ukarabati. Ni dalili kwamba gari liliwahi kuchemsha na mwenyewe hakutaka kulipia sababu yake.

Sasa washa swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi ziwake zote: ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, ya eabegi. Piga stata, zizime zote. Taa ya injini ambayo haikuwaka kabisa imefungwa au imetolewa, na aliyeitoa alikuwa na sababu. Mwache mwenzako asimame nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata joto ni maji yanayoingia ndani. Mweusi ni mafuta yasiyochomeka vizuri, na huo ndio wenye nafuu kati ya yote.

Kilomita kwenye mita usizisadiki peke yake, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma. Tafuta ushahidi mwingine. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma na gari linalodai kilomita 70,000 haviendani. Stelingi iliyokuwa laini ikang'aa kwa mikono, ukingo wa kiti cha dereva uliochanika, vitasa vilivyolegea, vyote vinasema umri. Fungua mlango wa dereva utazame pembeni ya fremu, na chini ya boneti: magari mengi yanakuja bado na stika ya Kijapani ya oili, yenye tarehe na kilomita za siku ile. Mwaka ukiandikwa kwa namba ndogo kama 20 au 24, ni kalenda yao ya Heisei. Jumlisha 1988, upate 2008 au 2012. Kama stika inasema kilomita 118,000 mwaka 2012 na mita leo inasema 92,000, umeshapata jibu. Vuta na mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Karibu na sakafu kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa, kwa kawaida kina mwaka wa kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na mingine, gari liligongwa kwa nguvu ya kutosha kuhitaji mkanda mpya.

Ajali huonekana pia kwenye bolti. Tazama bolti zinazoshika mabawa ya mbele na boneti: rangi ikiwa imebanduka kwenye vichwa vyake, zimefunguliwa. Simama kwenye kona ya nyuma ya gari, inama, utazame ubavu wote dhidi ya mwanga. Sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi inaonyesha mawimbi. Mkwaruzo wa bampa haunitishi. Fremu iliyochomelewa mbele ya injini inanitisha, na inatosha kuacha.

Dar es Salaam ina jambo jingine la kuchunguza, nalo ni mafuriko. Gari lililozama hupigwa pasi likang'aa, lakini waya na viungio vyake vinaendelea kuoza chini kwa chini. Inua zulia la mbele na uguse chini yake. Tazama reli za viti kama zina kutu. Toa tairi la akiba uchunguze shimo lake kama lina mchanga mkavu au mstari wa tope. Funga vioo vyote, kaa dakika mbili, kisha vuta pumzi: harufu ya uvundo haitoki kwa manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo.

Tairi zina tarehe. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne ndani ya duara refu; 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nyingi zikiwepo bado si ushahidi wa uzima kama raba imekauka. Kwa gari la foo wili, tairi zote nne ziwe saizi moja na ulikaji unaokaribiana, la sivyo difu zinateseka. Na ukiambiwa RAV4 au X-Trail ni ya foo wili, piga magoti uchungulie: kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma, inavuta mbele tu.

Barabarani, usiridhike na mzunguko wa mtaa mmoja wa lami. Lipeleke kwenye njia ya mashimo, zima redio, fungua kioo. Miguu inayogonga si mwisho wa dunia: bushi, linki na shokapu hubadilishwa na bei zake zinajulikana, kwa hiyo ni hoja ya kupunguza bei. Gia boksi ndiyo ya kuogopa. Ukitoka P kwenda D na kutoka D kwenda R, iingie ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Panda kilima ukiwa na AC imewashwa. Injini ikipandisha mlio huku gari haliongezi mwendo, gia zinateleza. Endesha nusu saa nzima, halafu simama, liache lingurume na AC ikifanya kazi, utazame mshale wa joto. Gari linalochemsha hujifichua hapo, siyo kwenye dakika tano za kwanza.

Baada ya wewe kuridhika, ndipo umlete fundi. Awe wako, umlipe wewe, na asijuane na dalali. Alipandishe kwenye lifti au shimo, na alipime kwa kompyuta. Mwambie aangalie pia kama kumbukumbu za makosa zimefutwa siku hiyo hiyo. Mashine nyingi huonyesha. Fedha ya ukaguzi ni ndogo mno ukiilinganisha na injini. Na muuzaji anayekataa gari lake lisikaguliwe na fundi wa mnunuzi amekwisha kukujibu.

Karatasi

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane, herufi kwa herufi, na ya kwenye kadi. Isome mwenyewe, usisomewe. Namba ya injini pia. Injini ikiwa imebadilishwa, iwe imesajiliwa.

Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na kitambulisho chake cha NIDA kionyeshe hivyo. Ukiambiwa "kadi bado ina jina la aliyeniuzia, ila hakuna shida," shida ipo, nayo itakuwa yako siku ukienda kuhamisha. Kadi nyingine zimewekwa rehani kwa wakopeshaji, mwenyewe akatoa ripoti ya kupotelewa akapewa nakala. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nendeni pamoja TRA kuhakiki kwamba gari halina zuio, na nyote wawili muwe na TIN. Gari lenye namba za Zanzibar linaloendeshwa Bara, waulize TRA kwanza kama kuna kodi inayodaiwa. Angalia faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kwa kutumia namba ya gari, na deni la maegesho la TARURA, kwa sababu madeni hayo yanalifuata gari, hayamfuati aliyeyafanya. Ada ya leseni ya mwaka iliyokuwa ikirundikana ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo hiyo isikusumbue.

Mkataba uandikwe kwa wakili, ukiwa na bei halisi, namba ya chesisi, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: kosa lililofanyika asubuhi ni la aliyekuwa na gari asubuhi. Lipeni benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti ya mwenye jina kwenye kadi. Usimpe mtu "fedha ya kushikilia" kwa simu kwa gari ambalo hujaligusa, hata akikuambia kuna wateja watatu njiani.

Wiki ile ile kamilisha uhamisho na uchukue bima. Kwa gari la umri huu wengi huchukua bima ndogo, nayo inalipia madhara ya mwenzako tu. Kama gari ndilo akiba yako yote, uliza bei ya bima kubwa kabla ya kuikataa. Kisha lipeleke gereji ukabadilishe oili ya injini, ya gia boksi, ya difu, ya breki na kulanti, hata kama muuzaji ameapa kwamba alibadilisha mwezi uliopita. Oili ya gia boksi iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na ununue mwenyewe dukani kwa muuzaji unayemwamini, uione ikimiminwa.

Na kama umetembelea magari matano na hakuna lililopita, rudi nyumbani na fedha zako. Wiki ijayo yatakuwapo mengine.